Mstari wa Chumba cha Tatu

Elimu yangu imeishia kidato cha pili, na mtu akiona makosa humu ayahesabu kuwa yangu, siyo ya walionifundisha. Nasema mapema kwa sababu kisa chenyewe kinahusu namna ya kuhifadhi maandishi, na aliyehifadhi vibaya ni mimi. Wapo wengine waliohusika, na nitajitahidi kila mmoja nimpe haki yake. Majina siyaweki. Lakini kila nikijumlisha narudi palepale: kidole kilichobonyeza kilikuwa changu.

Nafanya kazi kwenye duka la stesheni Kariakoo, mtaa wa nyuma ya Msimbazi. Tunachapa barua, tunatoa kopi, tunaskani vyeti, tunalamineti. Kompyuta naijua kwa kuitumia. Nikiambiwa bonyeza hapa, nabonyeza. Nikiulizwa kwa nini, nanyamaza.

Aliyenitoa kwenye barua na vyeti ni dada mkubwa wa marehemu baba yangu, ambaye ukoo mzima tulimwita Shangazi Mkubwa. Alikuwa na nyumba ya Kiswahili hapahapa Kariakoo, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani ambako maisha yote yalikuwa yanapita. Nyumba ikauzwa, ghorofa likapanda, chini sasa wanauza mapazia. Wapangaji wake wa miaka yote wakatawanyika, huyu Mbagala, yule Tandika, mwingine Gongo la Mboto. Yeye akaja kukaa kwangu Ilala, nyuma ya Mchikichini, na hakuwahi kuililia nyumba hata siku moja. Alikuwa analilia watu.

"Damu mnaijua," aliniambia siku moja anachagua mchele. "Damu ina majina ya baba zenu. Maziwa nani anayajua? Nikifa mimi, watoto wa nyumba ile wataoana ndugu kwa ndugu, na hatatokea wa kusema."

Kwetu Waislamu mtoto akinyonyeshwa na mwanamke asiyemzaa, mara tano na zaidi, kabla hajatimiza miaka miwili, mwanamke yule amekuwa mama yake. Watoto wa mama yule ni ndugu zake, wajukuu wa mama yule ni wapwa zake, na hawezi kuoa humo. Sasa fikiria nyumba ya vyumba sita, wanawake wanazaa kwa kupokezana. Mmoja kaenda sokoni, mtoto analia, jirani anamchukua anampa titi. Ilikuwa jambo la kila siku, na hakuna aliyekuwa anaandikisha. Tena katika nyumba ile kila mwanamke aliitwa mama na kila mtoto. Ukisikia "yule ni mama yako," hujui ni adabu au ni sheria.

Nilianza kwa karatasi ya manila, kuchora mti wa ukoo kama walivyotufundisha shule. Haukukaa. Mti una matawi ya kuzaliwa na basi. Huyu aliyenyonyeshwa chumba cha kwanza akalelewa chumba cha nne, unamning'iniza tawi gani? Nilifuta mpaka manila ikatoboka.

Juu ya duka letu kuna fundi wa kompyuta, mtu wa Moshi, mpole, asiyependa kelele za mtaa ingawa kafungua ofisi katikati yake. Nikamweleza. Akasema ninachotaka siyo mti, ni mtandao, akaniwekea kwenye laptopu ya duka programu ya kuchora nukta na mistari. Nukta ni mtu, mstari ni uhusiano wa mtu na mtu. Na kila mstari unaweza kuufungua ukauandikia sifa zake: ni mstari wa aina gani, wa lini, nani shahidi. Nilifurahi kama mtu aliyepewa ufunguo. Nikatengeneza sehemu zangu mwenyewe: aina, mara ngapi, shahidi, maelezo.

Kila Jumapili alasiri nilirudi na laptopu, Shangazi Mkubwa anakaa kitandani, mimi chini kwenye mkeka. Tulienda chumba kwa chumba. Alikuwa anakumbuka vitu vya kushangaza: nani alikuwa na titi moja linalotoa, mtoto gani aling'ata, nani alinyonyesha mapacha wa jirani huku wa kwake anamlia mgongoni. Mimi naandika moja kwa moja kwenye kompyuta. Hilo nalo niliseme. Ningeweza kuandika kwenye daftari kwanza, ndiyo kazi niliyoizoea. Lakini nilijiona mtu wa kisasa, na daftari nililiona la ushamba.

Tulipomaliza, tulikuwa na watu zaidi ya mia na mistari hata sikuihesabu. Nikabonyeza "hifadhi kama". Hapo ndipo pa kwanza pa kuchanganyikiwa, maana programu haikusema sawa imehifadhiwa, ilinifungulia orodha. Aina kumi na kitu za mafaili, kila moja na mkia wake wa herufi, na zote kwangu zilikuwa sawa na mikia ya panya. Nikapanda kwa fundi.

Nakumbuka alichosema, na nataka kiandikwe kama alivyosema. Alisema hili la graphml linabeba kila kitu, nukta, mistari na sifa zake, ila kwenye simu halitafunguka. Hili la csv ni jedwali, linafunguka popote, hata kwenye simu mbovu. "Lakini dada, csv ya mistari usipoiangalia itabeba pande mbili tu, huyu na huyu. Ukitaka sifa, uhakikishe safu zake zimo." Alinieleza vizuri, pole pole, nikaitikia kwa kichwa. Kuitikia kwa kichwa ni kipaji changu.

Nikachagua graphml, kwa sababu ndilo lililobeba kila kitu. Nikalituma kwenye kundi la familia. Wakanishukia. Mmoja akaandika kwamba simu inamuuliza alifungue kwa kutumia nini, naye ameiambia kisu. Mwingine akauliza kama nimewatumia virusi. Binamu yangu mmoja wa Tandika akasema shangazi zetu wamepatikana, wako ndani ya faili, wanagonga mlango. Nilicheka nao, lakini niliumia. Kilichoniumiza zaidi ni Shangazi Mkubwa mwenyewe, kavaa miwani, kashika simu yangu anaigeuza geuza.

"Nimesema mwaka mzima," akasema, "kumbe nilikuwa nasemea ndani ya kopo."

Nikarudi dukani nikatoa csv. Mara ya kwanza ilikuja na safu zote, na kwenye kioo cha simu lile jedwali likawa refu kama kitenge. Ukilivuta kuona sifa, majina yanapotea, ukirudi kwenye majina, sifa zinapotea. Bibi wa watu hawezi kuvuta vuta vile. Programu ilikuwa na kiboksi cha tiki, cha kusema sifa ziwemo au zisiwemo. Nikaitoa tiki. Jedwali likakaa safi, safu mbili, herufi kubwa, jina na jina. Shangazi Mkubwa akalisoma mwenyewe kwa kidole mpaka chini, akaniombea dua. Nikalituma kwenye kundi, nikaandika chini yake, kwa ukali kidogo maana nilishachoka kuchekwa: "Hili ndilo. Lile la kwanza lifuteni, halina kazi."

Wakafuta. Watu wetu si wa kutii, lakini siku hiyo walitii.

Miezi kadhaa baadaye laptopu ikawa nzito, fundi akasema aipige Windows upya. Akanipigia simu kuuliza nini anitunzie. Nilikuwa na foleni ya watu wa kopi. Nikamwambia ile csv ya ukoo inatosha, hizo nyingine ni takataka hazifunguki. Akauliza tena, "Una uhakika? Hata ya programu yenyewe?" Nikamwambia nina uhakika. Aliuliza mara mbili. Mtu asije akamlaumu.

Shangazi Mkubwa akafariki mwaka uliofuata, kwa amani, baada ya kulalamikia chumvi kwenye mchuzi. Kwenye hitma ya arobaini watu wa nyumba ile wote walikuja, kutoka huko walikotupwa na mji. Ukumbi tuliokodi karibu na Mnazi Mmoja ulijaa mpaka wengine wakalia biriani kwenye ngazi. Na hapo kwenye ngazi, mtoto wa kaka yangu akakaa karibu na binti mmoja aliyekuwa anagawa maji.

Huyu mtoto wa kaka ni mtu mzima, ana meza yake ya vifaa vya simu Kariakoo, mtaratibu. Baba yake, kaka yangu, alikuwa dereva wa malori ya masafa na naye ni marehemu. Mama yake ni wifi yangu, mtu wa Kilimanjaro aliyesilimu alipoolewa. Na yule binti ni mjukuu wa mama aliyepanga chumba cha tatu, ambaye alikufa zamani. Wazee wakawaona wanacheka, wakasema tazama, marehemu katuunganisha tena. Hata mimi nilisema hivyo. Nimeangalia kwenye shajara yangu, nimeiandika sentensi hiyo kwa mkono wangu na kuipigia mstari.

Wakapendana kwa utulivu, si mapenzi ya kutangaza. Wifi alikuwa amefurahi kuliko wote, maana binti alikuwa anakuja kumsaidia kufua bila kuombwa. Ikapangwa siku ya posa, Ijumaa baada ya swala. Wiki ile ile, tulipoenda Mbagala kuzungumza na mama wa binti, yule mama akatuandalia chai, akasita, akasema kitu ambacho naamini alikuwa amekaa nacho moyoni.

"Huyu kijana mama yangu alimlea, nimesikia. Wakati ule mimi nilikuwa Tanga kwa mama mdogo, nasoma. Kulea najua. Kunyonyesha sijui. Si mnalo lile faili la Shangazi?"

Wote wakanigeukia. Na mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia fahari. Ndiyo kazi faili hili lilitengenezwa kuifanya. Nikatoa simu.

Mstari ulikuwepo. Upande mmoja jina la mama wa chumba cha tatu, upande wa pili jina la mtoto wa kaka yangu. Safu mbili, herufi kubwa, safi kabisa. Mstari wa nini, halikusema. Nikavuta kushoto, nikavuta kulia, kama vile kuna kitu kimejificha pembeni ya kioo. Chai ikapoa. Kwenye faili hilo mstari wa maziwa, mstari wa malezi na mstari wa kufundishwa Kurani yote imeandikwa sawasawa, jina na jina.

Wifi alisema anachokijua. Uzazi ule ulimwelemea, akalazwa wiki kama tatu, mtoto akabaki kwenye nyumba ile, mikononi mwa Shangazi Mkubwa na mama wa chumba cha tatu. Aliporudi alimkuta kanenepa, na yeye maziwa yalikuwa yamekata, akaanza kumpa maziwa ya kopo. Hakuuliza alikuwa anakula nini. "Nilikuwa mgeni katika dini," alisema. "Kwetu mtoto akinenepa unashukuru, huulizi." Simlaumu. Mimi wakati ule nilikuwa msichana mdogo Morogoro kwa upande wa mama, na kaka alikuwa njiani na lori.

Basi kikaanza kipindi ambacho sipendi kukikumbuka. Wanawake wa nyumba ile wengi walishatangulia, na waliobaki tuliowauliza walijua kulea tu. Nilikuwa na hakika kwamba niliandika. Naiona sauti ya Shangazi Mkubwa, kama mtu anaweza kuiona sauti, anasema chumba cha tatu, nami nachapa. Lakini anasema nini? Nikifumba macho nasikia "alimnyonyesha". Nikifumba tena nasikia "alimlea". Kadiri nilivyotafuta ndivyo nilivyozidi kutengeneza. Ikafika mahali nikawa nakumbuka mpaka kanga aliyovaa, halafu nikagundua kanga yenyewe nilimnunulia baadaye.

Nikakimbilia shajara. Mimi ni mtu wa kuandika kila siku, sipitishi. Nikaitafuta ile Jumapili, nikaipata. Imeandikwa: "Leo tumemaliza chumba cha tatu. Shangazi kachoka. Mvua kubwa, nguo hazikukauka. Tumekula ndizi za nazi." Nililitupa lile daftari ukutani. Miaka yote hiyo natunza mvua na ndizi.

Fundi alihangaika na laptopu siku nzima bila kutaka malipo, akaniambia sehemu lilipokuwa faili imeshaandikiwa mengine juu, halirudi. Alinionea huruma, na hakunikumbusha kwamba aliuliza mara mbili. Ningependa angenikumbusha, nipate wa kugombana naye.

Tukaenda kwa sheikh wa msikiti wa jirani, mimi, wifi na mtoto wa kaka. Alitusikiliza mpaka mwisho. Akasema mkijua amenyonya, ndoa hakuna. Msipojua, yeye kwa shaka peke yake hawezi kuwafungia mlango, ingawa mwenye kuiepuka shaka amejitendea wema. Akanitazama mimi, akauliza kama naweza kusema mbele ya Mungu niliandika nini. Nikasema siwezi. Akasema hilo ni jibu la kweli, tafuteni, na kama hakuna basi muamue wenyewe.

Tulipotoka mtoto wa kaka akanishika mkono pale nje kwenye viatu.

"Shangazi, wewe tu ndiyo ulikuwepo. Sema ni malezi. Neno moja."

"Nikilisema silijui."

"Na ukinyamaza unalijua?"

Alikuwa na haki ya kuuliza hivyo. Mimi nilipoteza kitu, halafu najifanya mtu wa ukweli juu ya kitu nilichokipoteza.

Ilikuwa Jumatano, siku mbili kabla ya posa. Wifi alinijia dukani mchana, simu yake mkononi. Simu ya wifi ina ufa kuanzia kona hadi kona na imejaa, kila siku inamlilia nafasi, na kila siku ananiletea nimsaidie kufuta picha za salamu za asubuhi. Akakaa kwenye benchi la wateja, mimi nikaanza kufuta. Nikaingia kwenye hati. Kulikuwa na ankara, ratiba za harusi za watu, tangazo la kikoba, na chini kabisa faili lenye mkia wa graphml.

Nikamuuliza kwa nini hakulifuta nilipowaambia. Akaona kama namgombeza.

"Uliandika ni la Shangazi Mkubwa," akasema. "Nikaona vibaya kumfuta mtu mzima. Kwani nimekosea?"

Nikamwambia hajakosea. Yeye hakujua ni nini, alifurahi tu kwamba nimepata nafasi ya kutosha kwenye simu, akaenda zake Mchikichini kutafuta viatu vya Ijumaa.

Nikalihamishia kwenye laptopu. Programu sikuwa nayo tena, lakini nilikumbuka fundi aliwahi kusema faili lile ndani ni maandishi matupu. Nikalifungua kwa ile ya kuandikia ya kawaida. Zikatoka alama za mabano kama miiba, na kati ya miiba, maneno yangu. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. Muda wote tulisema halifunguki, kumbe tulichokosa ni kujua pa kulifungulia. Nilitafuta namba ya nukta ya mtoto wa kaka, nikatafuta namba ya mama wa chumba cha tatu, nikatafuta mstari wenye namba zote mbili. Mteja alikuwa amesimama anataka kopi ya kitambulisho mbele na nyuma, nikamwambia asubiri.

Iliandikwa: aina, maziwa. Mara, siku kumi na nane, usiku na mchana. Shahidi, mimi mwenyewe na mama wa chumba cha kwanza. Maelezo, alikataa kopo.

Nikamtolea mteja kopi yake. Nilimtolea mbele mara mbili, akarudisha, nikamtolea nyuma. Halafu nikakaa.

Nitaandika nilichofikiria, kwa sababu kukificha itakuwa uongo mwingine. Nilifikiria kwamba faili hilo lipo sehemu mbili tu duniani, kwenye laptopu hii na kwenye simu ya mtu ambaye hajui kulifungua. Nilifikiria kwamba sheikh ameshasema shaka haifungi mlango. Nikilifuta sasa, nami nikajisahaulisha, wataoana, watazaa, wifi atafuliwa nguo. Na sitakuwa nimefanya jambo jipya. Nitakuwa nimefanya lilelile nililofanya mwanzo, la kutoa tiki kwenye kiboksi. Nililifunga faili. Nikalifungua tena, kama vile huenda maneno yamebadilika. Shahidi, mimi mwenyewe. Yule mimi siyo mimi, ni yeye. Aliniambia niandike hivyo, "mimi mwenyewe", na nikaandika.

Nilimpigia mtoto wa kaka aje dukani. Meza yake haiko mbali, alifika kabla sijapanga cha kusema. Nikamgeuzia kioo, nikamwonyesha kwa kidole. Alisoma. Alisoma tena pale kwenye kopo.

"Umelipata wapi?"

"Kwenye simu ya mama yako."

Akacheka kidogo, kicheko cha puani.

"Ungelipoteza na hili, shangazi. Mbona kupoteza unajua."

Akauliza kama kuna mtu mwingine kaliona. Nikasema bado. Tukatazamana. Nilijua anachofikiria kwa kuwa nilikuwa nimetoka kukifikiria. Na nadhani naye alikiona usoni kwangu, maana akageuka akaangalia mtaa, wanaume wanasukuma mkokoteni wa majora ya vitambaa, wanaomba njia. Akasema basi nimpigie mama wa binti mimi, yeye hawezi. Kwa binti atasema yeye mwenyewe. Akaondoka. Hakuniaga.

Nikiwa mkweli mpaka mwisho, sijui ningefanya nini kama asingesema nipige simu. Napenda kuamini kwamba ningepiga.

Hesabu ya makosa yangu inanirudisha mahali pagumu. Kama ningelihifadhi vizuri tangu mwanzo, siku ile ya hitma, pale kwenye ngazi, mtu yeyote angeweza kusema hao ni mjomba na mpwa, na wangecheka kama mjomba na mpwa, mambo yasingefika mbali. Na kama ningelipoteza kabisa, wangeoana kwa shaka iliyoruhusiwa. Mimi nimelipoteza kwa muda uleule wa kutosha wapendane, halafu nikalipata. Hakuna namna nyingine ambayo ingewaumiza zaidi. Watu wananiambia ni kudura. Inawezekana. Lakini kiboksi nilikitoa tiki mimi.

Sasa naweka kwa namna tatu. Lipo faili la graphml, ambalo fundi alinirudishia programu yake. Zipo csv mbili, moja ya watu na moja ya mistari, na ile ya mistari ina safu zote hata ikiwa ndefu kama kitenge. Anayetaka kusoma avute. Na lipo kaunta buku, nimenakili kila mstari kwa kalamu, imenichukua majuma. Faili nililituma tena kwenye kundi, na binamu wa Tandika akaniandikia, safari hii bila mzaha, kwamba ahsante, yeye analitunza. Nikamjibu asifute. Kuweka kwa namna tatu ndiyo kazi niliyotakiwa kuifanya wakati ule, na ilikuwa inahitaji Jumapili mbili zaidi.

Mtoto wa kaka hakusema nami kuanzia Jumatano ile mpaka Ramadhani. Salamu aliitikia, shikamoo alitoa, adabu hajakosa. Lakini kuongea hakuongea, na sikumdai.

Siku ya Idi, baada ya swala, mama wa binti alikuja kwangu Ilala na watoto wake. Nilikuwa sijawaalika, niliona aibu. Alisema amekuja kwa ndugu, hasubiri kualikwa. Mtoto wa kaka alikuwa amekaa barazani na kikombe cha kahawa, hakuwa na pa kukimbilia. Binti alikuja nyuma ya mama yake, kabeba hotpoti. Kwa sheria yule sasa ni mjomba wake wa kunyonya, anaweza kukaa naye, anaweza kumpa mkono, kitu ambacho miezi yote ile ya uchumba hawakuwahi kukifanya mbele yetu. Akaweka hotpoti chini, akafuta kiganja kwenye kanga, akamnyooshea.

"Shikamoo, mjomba."

Alichelewa kuitikia. Wifi alikuwa mlangoni na sahani, akasimama hapo hapo na sahani zake. Mimi niliangalia chini.

"Marahaba," akasema. Akaupokea mkono, akauachia.

Jioni ile niliwaongeza kwenye mtandao, nukta kwa nukta. Mjomba, mpwa. Aina, maziwa. Shahidi, nikaandika jina langu. Sehemu ya maelezo niliiangalia kwa muda, mwisho nikaiacha wazi, nikahifadhi, nikafungua tena kuhakikisha kwamba kila safu imo.